Mbao za kiwandani na hatari ya moto katika nyumba

Mbao za kiwandani ni mbao zinazotengenezwa kwa kuunganisha vipande vya mti, tabaka nyembamba, chembe au nyuzi zake, kwa gundi, joto na mgandamizo. Katika kundi hili wamo plaiwudi, blokubodi, chipubodi, hadibodi na MDF, pamoja na mihimili mikubwa ya mbao zilizobandikwa pamoja. Afrika Mashariki hutumika zaidi kwa dari, milango, makabati na kuta za kugawa vyumba.

Hatari yake ya moto haitokani na kuwa ni mti, kwa kuwa mti wa aina yoyote huungua. Inatokana na mambo matatu: wembamba wa vipande, gundi iliyotumika, na nafasi wazi zinazobaki zimefichwa nyuma ya ubao. Makala hii inaeleza mambo hayo kwa kulinganisha nyumba mbili za mkoa mmoja: tembe la Kwihara la karne ya 19, na nyumba ya tofali, bati na dari inayojengwa Tabora siku hizi.

Tembe la Kwihara

Kwihara ni kijiji kilichoko kilomita chache kusini-magharibi mwa mji wa Tabora, katika eneo la zamani la Unyanyembe. Kilikuwa kituo kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Henry Morton Stanley alifika Unyanyembe mwezi Juni 1871 akapewa nyumba Kwihara, na Februari 1872 alirudi hapo pamoja na David Livingstone. Stanley aliondoka Machi. Livingstone akabaki akisubiri wapagazi mpaka Agosti mwaka huo. Mwaka 1873 Chuma na Susi walipita Kwihara na mwili wake wakiupeleka pwani. Nyumba hiyo imekarabatiwa na sasa ni makumbusho.

Wageni wengi huenda kuiona kwa sababu ya Livingstone. Mwanafunzi wa ujenzi ana sababu yake nyingine, nayo ni nyumba yenyewe. Tembe ni nyumba ya pembe nne yenye kuta nene za udongo. Juu ya kuta hulazwa boriti, juu ya boriti hupangwa fito kwa karibu karibu, na juu ya fito humwagwa udongo unaoshindiliwa mpaka uwe tabaka nene. Paa ni bapa, au lina mteremko mdogo tu wa kuondoa maji. Msonge, nyumba ya duara ambayo Wanyamwezi pia waliijenga, una paa la nyasi lenye ncha.

Tofauti ya mapaa hayo mawili ilikuwa na maana kubwa wakati wa vita. Agosti 1871 wapiganaji wa Mirambo, mtawala wa Urambo, waliingia Tabora, wakamuua mfanyabiashara Khamis bin Abdullah na kuchoma sehemu ya mji. Stanley, aliyekuwa Kwihara, alitoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe lake akajiandaa kuzingirwa. Katika vita vile pande zote mbili zilichoma vijiji. Paa la nyasi huhitaji kinga kimoja tu cha moto kirushwe juu yake, na upepo humaliza kazi iliyobaki. Kinga hicho kikianguka juu ya udongo wa tembe huzimika chenyewe.

Si kwamba udongo uliwekwa juu kwa ajili ya moto peke yake. Uliwekwa pia kwa sababu ulipatikana, na kwa sababu unatunza ubaridi mchana. Wala tembe halikuwa nyumba isiyo na kasoro. Mvua za masika hupenya paa lisilotunzwa, mchwa hula boriti kimyakimya, na nguzo zikioza uzito wote wa udongo huwaangukia waliolala. Moto ukiwaka ndani, mikeka na nafaka huungua kama kwingineko. Lakini boriti zake huungua polepole, na hapo ndipo somo la mbao linapoanzia.

Namna mti unavyoungua

Mti hauwaki moja kwa moja. Unapopashwa joto, kwanza hutoa maji, kisha kati ya nyuzi 200 na 300 za Selsiasi huanza kuvunjika na kutoa gesi. Kinachowaka kwa mwali ni gesi hizo. Kinachobaki ni mkaa, na mkaa hupitisha joto kwa shida. Kwa hiyo gogo nene linalopigwa na moto hujivika koti la mkaa linalokinga mti mzima ulio ndani.

Kila anayewasha moto wa kuni anajua upande wa pili wa jambo hili. Hakuna anayewasha gogo kwa kiberiti. Huanza na vibanzi, kisha vijiti, gogo huja baadaye. Sababu ni eneo la uso. Chukua boriti ya sentimita 20 kwa 20, yenye urefu wa mita moja. Pande zake nne zina eneo la mita mraba 0.8. Ipasue iwe vipande 16 vya sentimita 5 kwa 5: mti ni uleule na uzito ni uleule, lakini sasa eneo ni mita mraba 3.2, yaani mara nne. Hewa na joto vimepata milango minne pale palipokuwa na mmoja.

Wahandisi hupima kasi ya mkaa kuingia ndani ya mti. Kanuni za ujenzi za Ulaya, zinazoitwa Eurokodi 5, hutumia milimita 0.8 kwa dakika kwa mbao laini kama za msonobari, na milimita 0.55 kwa dakika kwa mbao ngumu. Kwa namba hizo mwanafunzi anaweza kufanya hesabu mwenyewe. Boriti ya mti mgumu yenye unene wa milimita 150, ikizungukwa na moto kwa nusu saa, hupoteza takribani milimita 16.5 kila upande, na hubaki na kiini cha milimita 117. Bado inabeba. Mbao ya msonobari ya mbili kwa nne, yaani takribani milimita 50 kwa 100, ikipigwa na moto pande zote mbili kwa muda uleule hupoteza milimita 24 kila upande. Katika milimita 50 zinabaki 2. Kwa kweli itakuwa imekwisha kuanguka kabla ya hapo.

Ikumbukwe kwamba hii mbili kwa nne si mbao ya kiwandani. Ni mbao halisi iliyopasuliwa. Tatizo la wembamba lilianza kabla ya gundi. Gundi imeruhusu wembamba uendelee hadi mahali ambapo msumeno peke yake usingefika.

Aina za mbao za kiwandani na tabia zake

Plaiwudi hutengenezwa kwa tabaka nyembamba zinazomenywa kutoka kwenye gogo linalozungushwa, kisha hubandikwa moja juu ya nyingine kwa kupishanisha mwelekeo wa nyuzi. Nchini Tanzania sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika Mafinga, Mkoa wa Iringa, karibu na msitu wa kupandwa wa Sao Hill, kwa miti ya misonobari na mikaratusi. Plaiwudi ya milimita 3 au 4 inayopigiliwa darini ni nyembamba kiasi kwamba moto huitoboa kwa dakika chache.

Chipubodi ni chembe za mti zilizogandamizwa na gundi. MDF ni nyuzi laini zaidi, kama unga mkavu wa mti uliofanywa ubao. Ubao mzima wa MDF hauwaki kirahisi kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa umeshikana sana. Ila ukishapashwa moto vya kutosha huwaka kwa ukali, huvimba na hupoteza nguvu, na moshi wake ni mbaya. Mbao hizi za ndani ya nyumba kwa kawaida hutumia gundi ya yurea-fomaldehaidi. Gundi hii ina naitrojeni, hivyo ikiungua inaweza kutoa gesi ya haidrojeni sayanaidi pamoja na kaboni monoksaidi ambayo hutoka katika kila moto usiopata hewa ya kutosha. Plaiwudi inayostahimili maji hutumia zaidi gundi ya fenoli, inayovumilia joto vizuri zaidi.

Katika Marekani na Ulaya kuna aina nyingine ambayo haijaenea kwetu: mhimili wa sakafu wenye umbo la herufi I, ulio na mbao juu na chini na ubao wa chembe wa takribani milimita 10 katikati. Ni mwepesi, umenyooka, haupindi, na mafundi wanaupenda. Maabara ya UL ya Marekani ilichoma sakafu za aina hii mnamo mwaka 2008. Sakafu ya mbao za kawaida isiyofunikwa chini ilistahimili takribani dakika 18. Ile ya mihimili ya I ilianguka katika dakika 6. Hesabu ya mkaa inatoa jibu karibu na hilo: ubao wa milimita 10 unaoliwa pande zote mbili kwa milimita 0.9 kila dakika humalizika kabla dakika 6 hazijatimia. Zimamoto wa huko walikuwa wamezoea kuingia ndani wakiamini sakafu itawabeba, na baadhi yao walikufa kwa imani hiyo. Walipofunika mihimili hiyo kwa ubao wa jipsamu, muda ulipanda kupita dakika 25. Baadaye kanuni za nyumba za Marekani, katika toleo la mwaka 2012, zilidai kinga ya namna hiyo chini ya sakafu nyepesi.

Nyumba ya sasa ya Tabora

Tabora iko katikati ya misitu ya miombo na inajulikana kwa mninga. Hata hivyo mninga umekuwa ghali, na nyumba nyingi mpya hupauliwa kwa mbao za msonobari zilizotiwa dawa zitokazo kusini mwa nchi. Dawa hiyo huzuia mchwa na kuoza. Haizuii moto, jambo ambalo wanunuzi wengi hulichanganya wakiona rangi ya kijani kwenye mbao.

Kuta za nyumba hiyo ni za tofali, na tofali haziungui. Ndiyo sababu wenye nyumba hujiona salama. Lakini ukiangalia juu, kuna kenchi za mbao za mbili kwa nne na mbili kwa sita, papi za mbili kwa mbili, na chini yake dari la plaiwudi, hadibodi, jipsamu au plastiki. Kati ya dari na bati pana chumba kizima ambacho hakuna anayekiona. Humo ndani ni kukavu na kuna joto kali mchana, na ndimo zinamopita nyaya za umeme, mara nyingine bila kupitishwa kwenye mabomba yake, zikiwa na maungio yaliyozungushiwa utepe tu. Cheche ikianzia humo huweza kula mbao kwa muda mrefu kabla mtu hajasikia harufu.

Kasoro kubwa zaidi iko katika nyumba za kupangisha zenye vyumba vingi chini ya paa moja. Kuta za vyumba huishia kwenye lenta au juu kidogo tu, na nafasi ya juu ya dari huwa wazi toka mwisho mmoja hadi mwingine. Moto wa chumba cha kwanza hupanda, hutoboa dari, hutembea chini ya bati na kushuka katika chumba cha sita ambako watu wamelala na mlango wao umefungwa. Mpangaji wa chumba cha sita anaweza kuwa mwangalifu kuliko wote na bado akaunguliwa. Kupandisha ukuta mpaka ugusane na bati kungegharimu tofali chache kwa kila chumba. Kwa maoni ya mwandishi, hakuna sehemu ya nyumba ambapo pesa kidogo ingeokoa zaidi.

Badala ya mbao, baadhi ya mafundi sasa hutumia kenchi za chuma chepesi. Chuma hakiungui, lakini kwenye nyuzi 550 za Selsiasi au karibu na hapo hupoteza takribani nusu ya nguvu yake, na moto wa chumba hupita joto hilo. Chuma chembamba hufika huko upesi. Kwa hiyo kubadilisha mbao nyembamba kwa chuma chembamba huondoa kuni juu ya dari, lakini hakuongezi sana muda wa paa kusimama.

Milango nayo inastahili kutajwa. Mlango wa mninga uliojaa, wenye unene wa milimita 40 hivi, ni kizuizi halisi cha moto. Mlango wa flashi unaouzwa kwa bei nafuu una ngozi mbili za milimita chache, na ndani yake mara nyingi kuna karatasi ngumu yenye matundu kama sega la nyuki. Ukionekana umefungwa ni mlango; mbele ya moto ni kama pazia gumu. Anayeuangalia mlango wa kuchongwa wa tembe la Kwihara na kuona urembo peke yake ameacha kuona unene wake.

Vyombo vya ndani na muda wa kukimbia

Ubao hauungui peke yake. Ndani ya nyumba ya leo kuna magodoro ya sponji, sofa za sponji, mapazia ya nailoni na makabati ya MDF. Majaribio ya UL yalilinganisha chumba chenye samani za zamani za mbao na pamba na chumba chenye samani za kisasa. Chumba cha zamani kilichukua karibu nusu saa kabla ya kila kitu kuwaka kwa pamoja. Cha kisasa kilifika hapo chini ya dakika 5. Katika muda huo mtu aliyelala anatakiwa aamke, atambue kilichotokea, awachukue watoto na afungue kufuli. Katika miji yetu mara nyingi madirisha yana nondo zilizochomelewa kwa ajili ya wezi, kwa hiyo mlango ndiyo njia pekee.

Wengi wanaokufa katika moto wa nyumba hufa kwa moshi kabla mwali haujawafikia. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Hushikana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni, na aliyelala huenda asiamke kabisa.

Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 moto uliteketeza bweni la wavulana katika shule ya Hillside Endarasha Academy, Kaunti ya Nyeri, Kenya. Walikuwamo watoto zaidi ya 150, na 21 walifariki. Maofisa wa serikali walieleza kwamba bweni lilikuwa limejengwa kwa mbao kwa sehemu kubwa. Hapa hatari haikuwa ya gundi. Ni ile ya mbao nyembamba zilizosimama wima na hewa pande zote, katika chumba kilichojaa vitanda na magodoro.

Mbao nzito

Isidhaniwe kwamba gundi siku zote huleta hatari. Mbao zikibandikwa pamoja mpaka ziwe mhimili mnene au ukuta mzito, sifa ya gogo hurudi: uso huwa mkaa na kiini hubaki. Kwa msingi huo nchi kadhaa zimeruhusu majengo marefu ya mbao. Zanzibar mwaka 2021 ulitangazwa mpango wa Burj Zanzibar, jengo la ghorofa 28 la mbao na zege katika mji mpya wa Fumba. Swali la wahandisi katika majengo ya aina hii ni kama gundi itashika tabaka zisibanduke wakati wa moto, kwa sababu tabaka la mkaa likidondoka, mti mbichi huwa wazi na moto hupata kuni mpya. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji, baada ya lile la kama ni mbao ya gundi, ni unene wake na aina ya gundi yenyewe.

Kinga

Kifaa bora kinachopatikana madukani ni ubao wa jipsamu. Jipsamu ni madini ya kalisi salfeti yaliyoshika maji ndani ya fuwele zake. Katika kila kilo 100 za jipsamu safi kuna takribani kilo 21 za maji. Moto unapoupiga ubao huo hulazimika kwanza kuyageuza maji hayo kuwa mvuke, na wakati huo upande wa pili unabaki karibu na nyuzi 100. Unene ni muhimu: ubao wa milimita 12 hufanya kazi ambayo ubao wa milimita 7 hauwezi. Matundu makubwa ya taa yaliyokatwa ovyo huharibu kinga yote, kwa sababu moto hauhitaji dari zima lianguke ili upite. Dari la plastiki, ambalo limependwa kwa wepesi na urahisi wa kusafisha, huyeyuka na kudondoka, na halikingi kenchi hata kidogo.

Lipu ya udongo au saruji juu ya ukuta wa miti hufanya kazi ileile ya paa la tembe. Nyumba ya miti na udongo iliyopakwa vizuri pande zote, hata juu ya fito, huvumilia moto kuliko kibanda cha mabanzi ambacho kinaonekana cha kisasa zaidi.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, kazi ya kwanza ni kumwita fundi umeme mwenye leseni aingie juu ya dari akague maungio, aweke nyaya ndani ya mabomba na kuhakikisha kikata umeme kinafanya kazi. Kazi ya pili ni kufanya angalau dirisha moja la kila chumba cha kulala liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani, kwa bawaba na komeo, bila ufunguo. Kengele ya moshi inayotumia betri hufungwa kwa misumari miwili. Usiku milango ya vyumba ifungwe, hata ile ya flashi, kwa kuwa dakika chache za mlango mwembamba ni nyingi kuliko uwazi. Moto ukitokea, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nchini Tanzania ni 114. Anayepiga awe tayari kutaja mtaa na alama ya karibu, kama shule, kisima au msikiti. Aeleze pia kama kuna watu ndani na kama moto umeshaingia juu ya dari, ili askari wasiingie chini ya paa ambalo kenchi zake zimekwisha kuungua.